Shajara ya Mradi: Grand Central ya New York kwa Skeli ya 1:100

11 Januari

Nimeanza na hesabu. Ukumbi mkuu wa Grand Central, stesheni kongwe ya reli katikati ya jiji la New York, una urefu wa mita 84 na upana wa mita 37, na kutoka sakafuni hadi kilele cha dari ni mita 38 hivi. Kwa skeli ya 1:100, kila mita ya kule inakuwa sentimita moja ya hapa. Ukumbi wote unaenea kwenye meza yangu na bado panabaki pa kuweka kisu, rula na chupa ya gundi.

Stesheni nzima ni jambo jingine. Njia zake za reli na majukwaa vimeenea hekta 19, na kwa skeli hiyo hiyo ningehitaji mita za mraba 19, yaani chumba kizima bila pa kukanyaga. Kwa hiyo nitajenga kipande tu: uso wa jengo unaotazama Mtaa wa 42, chumba cha kungojea nyuma yake, ukumbi mkuu, na upande wa kaskazini sehemu ya ghorofa mbili za reli. Kielelezo kitapasuliwa katikati kutoka kusini hadi kaskazini, nusu mbili ziunganishwe kwa bawaba, ili mtu akikifungua aone kila kitu kuanzia paa hadi reli ya chini kabisa.

Kukipasua ndiyo shabaha yenyewe ya mradi. Watu huipenda stesheni hii kwa sababu ya ukumbi: madirisha marefu, dari ya nyota, saa yenye nyuso nne. Nami nayapenda hayo yote. Lakini kadiri ninavyosoma habari zake ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba ukumbi ule umezaliwa na vitu ambavyo abiria havioni, yaani umeme uliofukuza moshi, na treni zilizoshushwa chini ya barabara. Kielelezo kisichoonyesha hayo ni ganda.

19 Januari

Sijakata hata karatasi moja. Nimejiwekea sharti la kuelewa kwanza kwa nini jengo lilijengwa.

Halikuwa la kwanza mahali pale. Mwaka 1871 Cornelius Vanderbilt, tajiri wa meli na reli, alifungua hapo Grand Central Depot, kazi ya msanifu John B. Snook, yenye banda kubwa la chuma na kioo lililofunika treni. Kufikia mwaka 1900 ilikuwa imeongezwa ghorofa na kuvalishwa sura mpya. Shida yake haikuwa sura. Treni zote zilikuwa za mvuke, na zote ziliingia na kutoka kwa njia moja, handaki la Park Avenue. Makaa ya mawe yakiungua ndani ya handaki, moshi hauna pa kwenda.

Asubuhi ya tarehe 8 Januari 1902, treni iliyokuwa ikielekea stesheni ilipita taa ya ishara ambayo moshi na mvuke vilikuwa vimeifunika. Ikaigonga kwa nyuma treni nyingine iliyosimama mbele yake. Watu 15 walikufa. Hasira ya umma ilikuwa kubwa, na mwaka uliofuata jimbo la New York likapitisha sheria ya kupiga marufuku treni za mvuke ndani ya Manhattan kuanzia mwaka 1908.

Mhandisi mkuu wa kampuni ya reli ya New York Central, mmiliki wa stesheni, William J. Wilgus, hakungoja sheria hiyo. Desemba 1902 alimwandikia rais wa kampuni barua yenye mpango ambao nimeusoma mara nyingi, na kila mara naustaajabia kwa jinsi hoja moja inavyozaa nyingine. Treni ikiwa ya umeme haina moshi. Isipokuwa na moshi haihitaji anga juu yake. Isipohitaji anga, reli zinaweza kufunikwa, tena zikapangwa ghorofa mbili, moja juu ya nyingine. Na juu ya kifuniko hicho kunapatikana ardhi mpya katikati ya Manhattan, ambayo kampuni inaweza kuikodisha kwa wajenzi wa hoteli na ofisi. Kodi hiyo ndiyo itakayolipa gharama ya yote yaliyotangulia.

Leo tunaziita haki za kujenga angani, na miji mingi duniani inaziuza. Wilgus alizitegemea kwa kiwango ambacho hakikuwahi kujaribiwa kabla yake. Mimi ningeweka jina lake mbele ya majina ya wasanifu wote.

8 Februari

Msingi umekamilika: ubao wa plaiwudi, na juu yake ghorofa ya chini ya reli.

Upana kati ya reli mbili ni milimita 1,435, kwa hiyo kwenye meza ni milimita 14 na ushei. Nimetumia vipande vyembamba vya shaba kwa reli na njiti za mbao laini kwa mataruma. Kazi ya macho ni reli ya tatu, ile inayobeba umeme kando ya njia. Wilgus na Frank Sprague, mtaalamu wa treni za umeme, waliibuni kwa namna ya pekee: kiatu cha treni kinaigusa kwa chini, si kwa juu, huku juu na pembeni ikiwa imefunikwa. Barafu na theluji haziwezi kulala kwenye uso unaotazama chini, na mfanyakazi anayejikwaa hana uwezekano mkubwa wa kuangukia umeme. Treni ya kwanza ya umeme iliingia Septemba 1906, na mfumo huo wa kugusa kwa chini ungali unatumika pale hadi leo.

Kwenye kielelezo nimeionyesha kwa uzi wa waya uliopakwa rangi ya mbao, umeinuliwa kidogo juu ya mataruma. Ni mtu wa kupiga magoti tu atakayeuona.

22 Februari

Ghorofa ya juu ya reli imesimama juu ya nguzo.

Mgawanyo wa awali ulikuwa hivi: treni za safari ndefu juu, treni za vitongoji chini. Abiria wa masafa marefu huja na mizigo, huaga watu, hungoja, hivyo wakapewa ukumbi mkubwa. Yule anayerudi nyumbani kila jioni anataka kupita haraka, akapewa ukumbi wake mwenyewe chini ya ule mkubwa. Kwenye ghorofa zote mbili ziliwekwa njia za kuzunguka zenye umbo la kitanzi, treni iliyoshusha watu igeuke na kutoka bila kurudi kinyumenyume. Majukwaa yalifika 44, na hakuna stesheni nyingine duniani yenye mengi kuliko hayo.

Ujenzi ulianza mwaka 1903 na ulichukua miaka 10. Zaidi ya mita za ujazo milioni 2 za udongo na mwamba zilichimbwa na kubebwa, na huku kote treni ziliendelea kuja na kuondoka. Walichimba kwa vipande, wakianza upande wa mashariki. Kipande kikiisha, njia mpya zinatandikwa ndani yake, treni zinahamishiwa huko, na kipande kinachofuata magharibi kinaanza kuvunjwa. Stesheni ya zamani ilibomolewa pole pole juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakiitumia.

Nguzo zangu ni fito za mbao za milimita 5. Nimejifunza kuzipanga kwa kufuata reli, maana hata mafundi wa kweli walibanwa na jambo hilo hilo: nguzo ya jengo la juu inapaswa kushuka pale tu ambapo treni haipiti. Hoteli ya Waldorf-Astoria ya mwaka 1931, mitaa kadhaa kaskazini, ilisimamishwa juu ya reli kwa mtindo huu, nguzo zake zikipenya kati ya njia.

15 Machi

Miteremko. Nimekaa nayo sana, na sijutii.

Grand Central haina ngazi nyingi kama mtu anavyotarajia kwenye jengo la ghorofa mbili za chini. Kutoka barabarani hadi ukumbini, na kutoka hapo hadi chini, sehemu kubwa ya watu hushuka kwa miteremko laini ya sakafu. Wazo lilikuja na kampuni ya Reed & Stem ya Minnesota, iliyoshinda mashindano ya usanifu ya mwaka 1903 dhidi ya majina makubwa kama Daniel Burnham na McKim, Mead & White. Inasaidia kujua kwamba mke wa Wilgus alikuwa dada yake Charles Reed, lakini wazo lenyewe halihitaji undugu ili lisifiwe. Kabla ya kuamua mwinamo, walijenga miteremko ya majaribio yenye miinuko mbalimbali wakatazama watu wanavyotembea juu yake. Mtu aliyebeba sanduku, mzee, mama na mtoto mkononi, kila mmoja ana mwendo wake, na sakafu ilibidi iwafae wote.

Familia ya Vanderbilt nayo ilitaka sehemu yake. Kampuni ya Warren & Wetmore iliingizwa kazini baada ya mashindano kuisha, na Whitney Warren alikuwa binamu wa akina Vanderbilt. Wakalazimishwa kufanya kazi pamoja. Warren alisomea usanifu Paris, katika École des Beaux-Arts, na sura ya jengo tunayoijua, yenye matao makubwa, nguzo pacha na sanamu, ina mkono wake. Miteremko, ghorofa za reli na barabara ya juu inayolizunguka jengo ni mawazo ya Reed & Stem. Reed alipofariki mwaka 1911, Warren & Wetmore waliuchukua mkataba wote peke yao kimya kimya. Stem akaenda mahakamani, akashinda, na Warren akafukuzwa katika chama cha wasanifu wa Marekani.

Ninapoijenga stesheni hii naona wazi kwamba kila upande ulihitaji mwenzake. Mpango wa Reed & Stem bila Warren ungekuwa mashine nzuri ya kusafirishia watu. Uso wa Warren bila wao ungekuwa jumba zuri lenye msongamano mlangoni.

Miteremko yangu ni kadibodi nene iliyopigwa msasa pembeni. Mjomba wangu, fundi seremala mstaafu, alipita kuitazama. Akaweka golori juu ya ule mrefu, ikaanza kujivuta taratibu hadi chini.

"Unaona? Haikimbii," akasema. "Mteremko mzuri haukusukumi, unakuchukua."

"Kwa hiyo niuache hivyo, Mjomba?"

"Uache hivyo hivyo, mwanangu. Ila hapo kwenye maungio, rudia msasa."

Nimerudia.

12 Aprili

Kuta za ukumbi ziko tayari, pamoja na madirisha.

Mashariki kuna madirisha matatu ya tao, na magharibi matatu, kila moja na kimo cha mita 18 hivi. Ukitazama picha maarufu ya miale ya jua ikishuka ukumbini, miale hiyo inapita humo. Jambo ambalo picha haionyeshi ni kwamba kila dirisha ni la kuta mbili za kioo, na kati yake kuna vijia vya kupita vyenye sakafu ya kioo kinene. Wafanyakazi wa ofisi za pembeni hutoka upande mmoja wa jengo hadi mwingine ndani ya dirisha, wakionekana kutoka chini kama vivuli.

Nimetumia plastiki wazi, tabaka mbili zenye nafasi ndogo kati yake, na fremu za chuma nimezichora kwa kalamu nyeusi ya wino mzito kisha nikazikwaruza kidogo zisiwe nyeusi mno. Vijia nimevikata kwenye plastiki ile ile, nikaipaka msasa laini iwe na ukungu. Nikiwasha taa nyuma, mistari ya vijia inaonekana kwa uzuri kabisa. Hii ndiyo sehemu iliyonipa furaha kuliko zote kufikia sasa.

Kuta za ndani zinaonekana kama mawe ya Caen ya Ufaransa, lakini ni lipu iliyotengenezwa kwa kuyaiga. Marumaru ya kweli iko kwenye mapambo, kutoka Botticino ya Italia, na sakafuni, kutoka Tennessee. Sakafu yangu ni karatasi niliyoipaka waridi iliyopauka, na mishipa nimeichora kwa penseli. Kila mahali kwenye mapambo ya stesheni kuna majani na mbegu za mwaloni, nembo waliyoichagua akina Vanderbilt. Kwa skeli hii mbegu ni ndogo kuliko chembe ya mchanga, kwa hiyo nimeiweka moja tu, kileleni mwa saa ya nyuso nne juu ya kibanda cha maelezo, mahali pake halisi.

Thuria ni 10. Balbu zake hazina vifuniko, na hilo lilikuwa la makusudi: mwaka 1913 stesheni ya umeme ilitaka umeme wake uonekane. Kwenye kielelezo kila thuria ni shanga ya shaba yenye taa moja ndogo ya LED ndani.

10 Mei

Dari, sehemu ya kwanza.

Kwanza umbo. Dari si tao linalobeba paa. Imening'inizwa kutoka kwenye fremu za chuma zilizofichwa juu yake, na mkunjo wake ni wa duaradufu. Nimekata mbavu za plaiwudi kwa umbo hilo na kujaribu kulaza kadibodi nyembamba juu yake. Ilikataa, ikawa inavunjika mikunjo. Mjomba akanionyesha: lowanisha upande wa nje kwa sifongo, ifunge juu ya mbavu kwa kamba usiku kucha, ikauke ikiwa imeshikwa. Asubuhi ilikuwa imekaa bila mkunjo hata mmoja.

24 Mei

Dari, sehemu ya pili. Nyota.

Wazo lilitoka kwa Warren na mchoraji Mfaransa Paul Helleu, na kazi ikafanywa na J. Monroe Hewlett na Charles Basing pamoja na wasaidizi wao. Rangi ni buluu inayoelekea kijani, na makundi ya nyota yamechorwa kwa dhahabu. Nyota ni zipatazo 2,500, na karibu 60 kati yake huwaka kwa taa. Buruji zinazoonekana ni zile za anga la Oktoba hadi Machi: Dalu, Hutu, Hamali, Thauri, Jauza, Saratani. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye kitabu cha falaki anazitambua mara moja.

Akizitambua, atagundua pia kwamba zimegeuzwa. Mashariki iko magharibi. Abiria mmoja aliliona mwaka ule ule wa 1913, na maelezo yamekuwa mengi tangu hapo. Moja linasema wachoraji walifuata desturi ya zamani ya kuchora anga kama linavyoonekana kutoka nje yake, kama mtu anayetazama tufe la nyota. Jingine linasema ramani iliwekwa sakafuni badala ya kushikwa juu ya kichwa.

Hili la pili nimelijaribu, na yeyote anaweza kulijaribu. Ramani ya nyota huwa na mashariki upande wa kushoto, kinyume cha ramani ya nchi, kwa sababu imekusudiwa kushikwa juu huku ukiangalia juu. Nimeilaza mezani, nikaelekeza kaskazini yake kaskazini, kisha nikahamisha kila nyota moja kwa moja kwenda dari iliyo juu yake, kwa uzi na timazi. Matokeo ni yale yale ya Grand Central: kila kitu kimegeuka. Sitasema kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea, hasa kwa vile Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion, halikubaliani na majirani zake Thauri na Jauza. Lingekuwa kosa la ramani kulazwa tu, yote yangegeuka pamoja. Naamini kulikuwa na zaidi ya mkono mmoja na zaidi ya mchoro mmoja. Nimenakili kila kitu kilivyo, pamoja na kutokubaliana huko.

Kwa dhahabu nimetumia rangi ya maji ya dhahabu na brashi yenye manyoya machache sana. Nyota kubwa nimezitoboa kwa sindano, na nyuma ya dari nimepitisha nyuzi za plastiki za kupitisha mwanga.

7 Juni

Ilibidi niamue mwaka.

Kielelezo hakiwezi kuonyesha nyakati zote kwa mkupuo. Stesheni ilifunguliwa usiku wa manane kuamkia tarehe 2 Februari 1913, na siku ya kwanza watu zaidi ya 150,000 walifika kuitazama. Kawaida mtu angechagua mwaka huo. Lakini mwaka 1913 kundi la sanamu lililo juu ya uso wa kusini lilikuwa bado halijawekwa, na barabara ya juu inayovuka Mtaa wa 42 na kulizunguka jengo ilikuwa bado kwenye michoro. Sanamu zilizinduliwa mwaka 1914. Barabara ilifunguliwa mwaka 1919.

Nikienda mbele zaidi naanza kupoteza. Maji yalivuja na kuharibu dari, na katikati ya miaka ya 1940 walifunika mchoro wa asili kwa mbao za saruji na asbesto, wakachora upya juu yake kwa urahisi zaidi. Dari inayoonekana leo ni hiyo ya pili. Ilisafishwa katika ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 1998, na karibu na Saratani wakaacha kwa makusudi kiraka kidogo cheusi ili watu waone uchafu ulikuwa wa kiasi gani. Ngazi kubwa ya mashariki, inayofanana na ile ya magharibi, ilijengwa katika ukarabati huo. Kabla yake haikuwepo.

Kwa hiyo ni 1919. Sanamu zipo, barabara ya juu ipo, dari ya asili ingalipo, ngazi ni ya magharibi pekee.

28 Juni

Sanamu za hekaya za Warumi wa kale. Merkuri yuko katikati, Herakle na Minerva pembeni yake, na chini yao saa yenye kipenyo cha mita 4. Kundi zima lina kimo cha mita 15 hivi. Jules-Félix Coutan alilifinyanga akiwa Ufaransa, kwa plasta, robo ya ukubwa wake. Mafundi Wamarekani ndio waliochonga mawe kwa kufuata kielelezo chake.

Changu kina kimo cha sentimita 15, kwa udongo wa kufinyangia unaokaushwa kwenye oveni. Bawa la kofia ya Merkuri limenishinda, nalo litarudiwa.

19 Julai

Nimeingia chini, kwenye makuba ya vigae.

Rafael Guastavino alihamia Marekani kutoka Hispania mwaka 1881 akiwa na ufundi wa zamani wa Katalunya: vigae vyembamba vinalazwa bapa, tabaka juu ya tabaka, kwa saruji inayoshika haraka, hadi tao linajibeba lenyewe bila kuhitaji jukwaa zito la mbao chini yake. Ni jepesi na halishiki moto. Alifariki mwaka 1908, mwanawe mwenye jina hilo hilo akaendeleza kazi, na makuba ya Grand Central ni ya kampuni yao. Moto wa mwaka 1997 katika mkahawa wa Oyster Bar uliharibu vigae vingi, vikarudishwa.

Nje ya mkahawa huo kuna makutano ya miteremko yenye kuba bapa. Mtu akinong'ona akiwa ameelekea pembe moja, aliye pembe ya pili upande wa pili anasikia kila neno, huku wanaopita katikati hawasikii. Sauti inaambaa kwenye mkunjo wa vigae na kushuka upande wa pili. Kielelezo hakiwezi kufanya hivyo hata kikijengwa kwa usahihi gani. Mawimbi mengi ya sauti ya mtu yana urefu wa makumi ya sentimita, na kuba langu ni pana kama kiganja. Wimbi halina mkunjo wa kufuata.

Vigae nimevikata vya karatasi, vimepangwa kwa mshazari kama vya kweli. Kazi hii inataka shingo imara na taa nzuri.

16 Agosti

Nimemaliza paa, na paa limenirudisha kwenye hoja ya Wilgus ya kujenga angani, maana hoja hiyo hiyo nusura iiue stesheni.

Baada ya vita ya pili ya dunia magari na ndege viliipokonya reli abiria wake, na wamiliki wakaanza kuona anga lililo juu ya ukumbi kama fedha zilizolala. Mwaka 1963 jengo la Pan Am, ghorofa 59, lilisimama nyuma tu ya stesheni. Mwaka huo huo Penn Station, stesheni nyingine kubwa ya New York, ilianza kubomolewa, na uchungu wa kuipoteza ulisaidia kuleta sheria ya jiji ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Grand Central iliwekwa chini ya ulinzi huo mwaka 1967. Mwaka mmoja baadaye Penn Central, kampuni ya reli iliyokuwa mmiliki wa stesheni wakati huo, ilileta mpango wa mnara wa ghorofa 55 wa msanifu Marcel Breuer, usimame juu ya stesheni. Mpango wake mwingine ungeuondoa uso wa kusini kabisa.

Jiji likakataa, kampuni ikashtaki, na kesi ikapanda ngazi zote. Wakazi walijipanga kuitetea, Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa Rais John F. Kennedy, akiwa mstari wa mbele. Tarehe 26 Juni 1978 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba jiji lina haki ya kulilinda jengo, na kwamba mmiliki hakunyang'anywa mali yake kwa kuzuiwa kujenga juu yake. Miji kote Marekani imejengea sheria zake juu ya hukumu hiyo. Kwangu huo ni uamuzi wa haki. Kampuni iliruhusiwa kuhamishia haki zake za angani kwenye viwanja vyake vya jirani, na ukumbi ukabaki na jua lake.

Mnara huo si wa mwaka 1919, kwa hiyo haumo. Hata hivyo nimetengeneza fremu yake kwa waya mwembamba, inayosimamishwa kwa matundu mawili darini mwa chumba cha kungojea na kutolewa. Ghorofa chache za mwanzo tu. Ukikamilika ungefika darini mwa chumba ninamofanyia kazi. Mtu akiusimamisha ataona unavyokaa juu ya sanamu za Coutan.

6 Septemba

Yaliyobaki: barabara ya juu upande wa kusini, bawa la Merkuri, taa za ghorofa ya chini ya reli, na mabehewa. Nitaweka treni mbili tu, moja kila ghorofa, zikiwa zimesimama mstari mmoja wa wima, ya vitongoji chini ya ile ya safari ndefu, ili pasuo lipite mbele yake zote mbili. Bawaba zimeshanunuliwa. Barabara ikikauka, nusu mbili zinaunganishwa.